Udongo Niliomchimbia Upendo

Fundi rangi aliumwagia ukuta maji ili aukwangue kwa urahisi, na kabla sijasema neno harufu ikanifikia mlangoni. Wanaoijua mvua ya kwanza inapogusa vumbi wanaijua harufu hiyo, ila hii ilikuwa nzito zaidi, yenye ubaridi wa mahali ambapo jua halifiki. Nikaweka chini ndoo niliyoshika, nikaingia. Chini ya rangi ya krimu, na chini ya ile ya bluu ambayo baba aliing'ang'ania miaka nenda rudi, fundi alikuwa amefika kwenye tabaka jeupe lililoanzia sakafuni na kuishia usawa wa bega langu.

"Sista, hii siyo rangi," akasema huku akisugua vidole. "Hii kama udongo. Na mbona mtu mwenyewe aliishia njiani?"

Nikamwambia aliishia njiani kwa sababu mkono wake haukufika juu. Alidhani namtania, akaendelea na kazi.

Chumba chenyewe ni cha uani, nyumbani kwa wazazi wetu Gongo la Mboto. Tunakiandaa kwa ajili ya mdogo wangu Upendo, ambaye ana mimba ya miezi minane, ya kwanza, na kama ilivyo desturi amerudi kwa mama kujifungulia. Mimi nimejiteua msimamizi wa kila kitu, wa rangi, wa neti, wa beseni na wa majina. Ndivyo nilivyo tangu mtoto. Nikiona jambo liko mikononi mwa watu wengine, moyo hautulii mpaka nalo nilishike mimi. Tabia hiyo imeniletea aibu nyingi, na kubwa kuliko zote ndiyo iliyopakwa kwenye ule ukuta.

Mama alipata mimba moja kabla ya ile ya Upendo. Nilikuwa na miaka saba, na hakuna aliyeniambia kitu, maana sisi watoto tuliambiwa kwamba watoto wananunuliwa hospitali, ukiwa na bahati unachaguliwa mzuri. Hilo sikuliamini hata siku moja. Nilikuwa na macho, na nilikuwa natumwa dukani. Kila baada ya siku mbili mama alinipa hela niende gengeni kwa Mama Zuhura kumnunulia pemba, vile vijiti vya udongo uliokaushwa wanavyopenda kula wanawake wenye mimba. Mama Zuhura alivifunga kwenye gazeti, akanikonyeza, akasema, "Msalimie mama, mwambie asimalize nchi."

Mama alikula udongo ule akipiga pasi, akichambua mchele, hata akiongea na mgeni, akikata kipande kwa meno ya pembeni. Tumbo nalo likawa linakua. Jumapili moja Mwalimu Eliza wa shule ya Jumapili akatubandikia ubaoni picha ya Mungu akimfinyanga mtu kwa udongo wa ardhi, halafu akimpulizia pumzi puani. Nilikaa pale kwenye benchi nikasisimka mwili mzima. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Mama anakula udongo, udongo unashuka tumboni, na mle ndani mtu anafinyangwa taratibu. Sikumuuliza yeyote. Niliona fahari kuwa nimewagundua wakubwa peke yangu.

Tatizo ni kwamba udongo ule na mimi nilikuwa nauiba. Njiani kutoka gengeni nilifungua gazeti na kuvunja ncha ya kijiti. Ulinata kwenye ulimi, kisha ukayeyuka, ukaacha ladha ya ile harufu ya mvua. Niliiba kabla ya kuijua siri, na nisifiche, niliiba hata baada ya kuijua. Nilijiambia mtoto hawezi kupungukiwa kwa ncha tu.

Asubuhi moja mama akapelekwa hospitali, na aliporudi baada ya siku mbili tumbo lilikuwa limelala. Wanawake wakaja, wakakaa naye kwenye mkeka, wakaongea kwa sauti za chini. Nikasikia kwamba mimba imeharibika, kwamba mtoto hakuwa ametimia. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya choo. Hakuwa ametimia, na mimi nilijua kwa nini. Labda nilikula mikono yake. Labda nilikula moyo. Nilikuwa mtoto wa miaka saba ninayejua kwa hakika kwamba nimemla ndugu yangu, na tangu siku hiyo sikuweza kulala ubavu mmoja na mama bila kuogopa kwamba atanisikia ninavyowaza.

Mwaka uliofuata nikaanza kutumwa tena kwa Mama Zuhura. Safari hii sikugusa hata vumbi lililobaki kwenye gazeti. Nilikuwa napiga mbio kwenda na kurudi, na nikifika nyumbani nasimama pale pale kuhakikisha mama anakula. Alishangaa, akamwambia baba, "Huyu siku hizi amekuwa nesi wangu." Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku aliporudi kutoka kliniki na habari kwamba damu yake iko chini na udongo aache kabisa. Baba alikuwa karani, mtu wa kutii chochote kilichogongwa muhuri. Alisoma kadi ya kliniki akiwa amesimama, akachukua kopo la pemba juu ya kabati, akaenda kulimwaga lote shimoni.

"Wamesema basi, basi," akasema.

"Sawa, mzee wa muhuri," mama akamjibu, akacheka.

Mimi sikucheka. Tumbo lilikuwa bado dogo, gauni ndiyo kwanza limeanza kubana. Niliwatazama wazazi wangu wawili wakicheka juu ya mtoto ambaye amesimamishwa nusu, kama nyumba ya jirani yetu iliyoishia kwenye madirisha, na nikaona hapa mwenye akili ni mimi peke yangu.

Wiki ile ile Mwalimu Eliza akatutangazia matembezi. Alikuwa amekulia Pugu, alijua kila njia ya kule, na alitaka kututoa mjini japo siku moja. Tutakwenda kwa miguu Jumamosi, akasema, tutapita msituni, tutashuka korongoni, halafu tutaingia kwenye mapango ambako zamani watu walichimba udongo mweupe. "Mweupe mtupu," akasema, "chini, kuta, mpaka juu ya kichwa." Wenzangu wakauliza kama kuna nyoka. Mimi niliuliza kama tunaruhusiwa kubeba mabegi.

Tuliondoka kanisani jua likiwa bado dogo, watoto ishirini na wawili, wawili wawili tumeshikana mikono. Tulifuata reli mpaka Pugu, tukihesabu mataruma na kusahau tumefikia ngapi, kisha tukaacha nyumba na kuanza kupanda. Msituni kulikuwa na kivuli na majani yaliyooza yakilalia viatu. Mwalimu Eliza alitangulia na fimbo, sketi ameikunja kiunoni, na mara kwa mara aligeuka kutuhesabu kwa kunyoosha kidole. Nilikuwa na begi la shule mgongoni, na ndani yake chapati mbili, yai la kuchemsha, chupa ya maji, kopo tupu la mafuta ya kupikia na kijiko cha mama.

Kisha miti ikaisha na tukajikuta juu ya korongo. Mpaka leo sijaona mahali palipokatika ghafla namna ile. Nyuma yetu msitu, mbele yetu ardhi kavu iliyochimbuliwa na mvua za miaka mingi, kuta za udongo mweupe na wekundu kidogo zikishuka kwa kina, hakuna jani wala ndege. Jua lilipiga kwenye ule weupe likaturudia usoni, tukafumba jicho moja moja. Mtoto mmoja akasema hapa ndipo wana wa Israeli walipopita, na hakuna aliyembishia. Tukateremka kwa makalio, tukicheka, mpaka nguo zote zikawa nyeupe. Chini kulikuwa na joto la kukausha mate, na maji tuliyobeba ya siku nzima tukayamaliza pale. Nilikula chapati zangu na yai haraka, nikabaki na kopo mkononi.

Mdomo wa pango ulitoa ubaridi. Ukisimama pale, mgongo unaungua na kifua kinasikia baridi. Mwalimu Eliza alikuwa na tochi moja kubwa, akatupanga mstari, kila mmoja ameshika nguo ya aliye mbele yake, tukaingia. Ndani kulinuka popo, harufu kali ya kuchoma pua, na chini yake ile harufu nyingine ambayo niliijua vizuri sana. Ilikuwa harufu ya gazeti la Mama Zuhura. Tochi ilipopita ukutani nikaona mistari, mingi, imechimbwa ndani ya ule udongo kutoka juu kwenda chini, sambamba. Sasa ninajua ni alama za sururu za wachimbaji. Siku ile nilitia vidole vyangu kwenye ile mistari na kuona vinaenea. Hapa ndipo Mungu anapochota. Zile ni alama za vidole vyake.

Tulipofika mahali palipopanuka, Mwalimu Eliza akatuambia anazima tochi kidogo ili tulijue giza la kweli, na tusiogope, tutaimba. Akazima. Wenzangu wakaanza kuimba kwa sauti za kutetemeka, na mimi nikaachia nguo ya aliye mbele yangu. Nikarudi hatua tatu, nikapapasa ukuta, nikaanza kukwangua. Udongo ulikuwa mlaini na wenye unyevu, ukatoka kwa mabonge. Niliweka, nikashindilia, nikaweka. Nilisikia wimbo unaisha, nikaona mwanga umewaka na kuanza kuondoka, na nikajiambia kijiko kimoja tu cha masikio, kingine cha vidole vya miguu. Nilipoinua kichwa hakukuwa na mwanga wala sauti ya mtu.

Popo wakaanza kuruka. Nilihisi upepo wa mabawa yao kwenye nywele. Lakini hofu yangu haikuwa popo, wala giza. Niliogopa kwa sababu nilijua mahali pale pana Mwenyewe, na amenikuta na kopo limejaa na kijiko mkononi. Nikafanya kile nilichofundishwa kufanya nikikutwa na mtu mzima.

"Shikamoo," nikasema gizani.

Mahali fulani tone la maji likaanguka.

"Ni mimi. Yule wa kwanza nilimla, naomba msamaha. Huu nauchukua kwa ajili ya huyu wa sasa. Sitaonja."

Nikasimama hivyo nikisubiri kuitikiwa, kopo nimelikumbatia, machozi yakinitiririka na kuingia mdomoni. Sijui muda gani ulipita. Kisha mwanga ukapiga kona na Mwalimu Eliza akaja akikimbia, amejiinamisha, akiita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye.

"Nimehesabu mara tatu pale nje," akasema, akanishika mabega akanitikisa, halafu akanibana kwenye tumbo lake mpaka nikakosa hewa. "Ishirini na moja. Mara tatu, ishirini na moja. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Namwamkia Mwenyewe."

Akanimulika usoni, akamulika kopo. "Na huo udongo?"

"Wa mama."

"Mama kakutuma udongo?"

Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, tena ndani ya karakana ya Mungu, lakini nilikwishaona kwamba nikianza kueleza nitanyang'anywa. Akatikisa kichwa, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika kanisani jioni. Kopo lile lilikuwa zito, na mikanda ya begi ikanichubua mabega yote mawili. Nililifurahia lile chubuko. Nilijua nimefika nusu ya malipo yangu.

Kulipokucha niliamka kabla ya wote. Mama alikuwa ameinjika uji wa ulezi, ameenda kuoga. Nikakoroga kijiko kimoja cha udongo kwenye kikombe chake, nikamimina uji juu yake, nikaongeza sukari. Alipokuja akakaa kwenye kigoda, akapuliza, akanywa funda moja, akatulia. Akatema kwenye kiganja, akakitazama.

"Nani katia mchanga kwenye uji wangu?"

Nilikuwa nimepanga kunyamaza, lakini badala yake nikaenda chini ya kitanda nikaleta kopo. Nikaliweka miguuni pake. Kisha vyote vikatoka kwa mkupuo, ncha za vijiti, gazeti, picha ya ubaoni, mtoto ambaye hakutimia, kliniki, baba na shimo, vidole vya Mungu ukutani. Nilimwambia asiogope, ale tu, mimi nitamwangalia baba mlangoni.

Mama akaweka kikombe chini. Akaangalia kopo.

"Mwaka mzima unatembea na jambo hilo moyoni?" akauliza.

"Ndiyo."

Akanivuta, akanipakata na ukubwa wangu ule, akalia. Sikuwahi kumwona akilia hata wale wanawake walipokuja kukaa mkekani. Akauchukua mkono wangu, akauweka ubavuni pa tumbo, na kitu mle ndani kikausukuma, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Nisikilize. Mtoto hafinyangwi kwa udongo ninaokula mie. Ule nakula kwa uroho wangu tu, wanawake wengi tunakuwaga hivyo."

"Sasa anafinyangwa kwa nini?"

"Sijui. Na yule wa kwanza sijui kwa nini hakukaa. Ningekuwa najua ningekwambia. Ila kwamba siyo wewe, hilo najua. Umesikia? Hilo najua."

Nilisikia, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nilivuta pumzi ikafika chini kabisa. Hata hivyo sikuwa mtoto wa kuachia kazi nusu. Nikauliza huu udongo sasa tunaufanyaje, maana nimeuomba kwa ajili yake na nimeahidi. Mama akafuta uso kwa kanga, akachukua bonge, akalinusa kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyopaswa mtu aliyekatazwa.

"Huu una mavi ya popo, hauliwi. Kwetu Masasi huu unapakwa ukutani. Bibi yako alikuwaga anapaka nyumba nzima kabla mtoto hajazaliwa, ili akifungua macho aone pasafi."

Tukauloweka kwenye ndoo, tukauchuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, na mama akanipa brashi ya katani. Yeye alikaa kwenye kigoda akinielekeza, mguu mmoja ameunyoosha. Nilipaka ukuta wa upande ambao kitanda cha mtoto kingekaa, nikinyoosha mkono mpaka kwapa linauma, na pale mkono ulipoishia ndipo udongo nao ulipoishia. Jioni baba akarudi, akavua viatu, akausimamia ule ukuta mikono kiunoni.

"Nani kapaka huku chini tu?"

"Fundi mfupi," mama akasema. Hakumweleza zaidi, na kadiri ninavyojua hajamweleza mpaka leo.

Upendo alizaliwa ametimia. Nasema hivyo kwa sababu nilimkagua mwenyewe. Siku aliyoletwa nyumbani nilisubiri mama alale, nikamfunua mtoto kwenye kanga yake, nikahesabu vidole vya mikono, vya miguu, nikatazama nyuma ya magoti. Kila kitu kilikuwepo. Kasoro ilikuwa moja tu, kitundu kidogo pale sikio la kulia linapoanza, cha ukubwa wa kichwa cha pini. Baadaye niliambiwa watu wengi wanacho. Siku ile nilijua ni ile ncha ya mwisho niliyoiba njiani, na nikambusu palepale kumwomba radhi.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimesimama na fundi rangi mbele ya ukuta uliolowa. Kisha nikasikia ndala zikiburuzwa koridoni, na Upendo akaingia, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia, pua juu.

"Jamani, huku kunanukia nini?"

Kabla sijamjibu alikwishafika ukutani. Akakwangua kwa ukucha, akaweka kwenye ulimi, akafumba macho. Kliniki wamemkataza udongo, na mimi ndiye ninayemkagua mkoba. Fundi akageuka kuangalia pembeni, anajizuia kucheka.

"Acha," nikasema. "Una mavi ya popo huo."

"Ya lini?"

"Ya kabla hujazaliwa."

"Basi yalishakwisha," akasema, akakwangua tena. "Nani aliupaka? Mama?"

Nilimtazama yule mtu mzima wa miezi minane, ametimia kila mahali, nywele amezifunga nyuma na kile kitundu chake kinaonekana. Nikaona kwamba udongo wangu umefika tumboni nilikokuwa nimeupeleka, umechelewa tu kidogo njiani.

"Mimi," nikamwambia. "Nilikuchimbia wewe."

Alicheka, akadhani namtania kama alivyodhani fundi, kisha akaona uso wangu na akaacha kucheka. Akavuta kigoda, akakaa akiegemea ule weupe, akaniambia nimweleze tangu mwanzo. Nikamwambia fundi apake kuanzia juu kushuka mpaka pale udongo unapoanzia, na hapa chini apaache.